Shajara ya mradi: kuligeuza jengo la sakafu tatu kuwa grafu

Machi 3: Ninachotaka kujenga

Leo nimeanza rasmi. Jengo ni la madarasa na ofisi, lina sakafu tatu, na ramani yake ya zamani ya karatasi inahesabu vyumba 84. Nataka kulijengea modeli inayoweza kujibu maswali manne: chumba fulani kiko wapi, kinafikiwaje, nani anaweza kukifikia, na mlango mmoja ukifungwa inabaki njia ipi. Nitaandika humu kila hatua inapokamilika ili mwenye jengo jingine afuate, na zaidi ili aepuke nitakapojikwaa.

Nje ya majengo maswali haya yana majibu ya kutosha. Ndani ni habari nyingine. Setilaiti za GPS ziko kilomita zipatazo 20,200 juu yetu, mawimbi yao hufika chini yakiwa hafifu sana, na zege likiongezeka juu ya kichwa simu hubaki kubahatisha. Hata kama simu ingejua ilipo kwa usahihi wa sentimita, bado isingetosha. Nyuma ya ukuta ulio mbele yangu sasa hivi, mita mbili kutoka nilipoketi, kuna chumba ambacho kukifikia ni lazima nishuke ngazi, nivuke ukumbi, nipande tena. Ndani ya jengo umbali hupimwa kwa milango.

Ndiyo maana nimechagua grafu, yaani mtandao wa nukta na mistari inayoziunganisha. Kiwango ninachofuata ni IndoorGML, kilichotolewa na Open Geospatial Consortium, muungano unaotunga viwango vya data za kijiografia, mwaka 2014. Msingi wake ni wazo la kihisabati linaloitwa uwili wa Poincaré: kila nafasi yenye mwili, kama chumba, inageuka nukta moja (nodi), na kila mpaka unaotenganisha nafasi mbili unageuka mstari unaoziunganisha nodi zake (kiungo). Ukuta unatoa kiungo cha ujirani tu. Mlango unatoa kiungo cha kupitika. Jengo zima linabaki nodi na viungo, na kutafuta njia inakuwa kazi ya algoriti ya Dijkstra ya mwaka 1959, inayotafuta njia fupi kuliko zote kwenye grafu.

Nilifikiria pia CityGML, kiwango cha modeli za miji na majengo za pande tatu. Toleo la 2.0 lilikuwa limetenga ngazi ya nne ya undani kwa ajili ya mambo ya ndani ya jengo. Toleo la 3.0 la mwaka 2021 limeifuta ngazi hiyo na kuruhusu undani wa ndani katika ngazi zote zilizobaki. Ni nzuri kwa umbo la jengo, lakini swali langu ni la kupita.

Vifaa: skana ya leza ya mkononi niliyoazimwa kwa wiki tatu, kompyuta mpakato yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16, diski ya nje, futi ya kupimia.

Machi 11: Ushoroba uliopinda

Kuskani kumechukua siku tatu badala ya moja niliyopanga. Vyumba havikunisumbua: unaingia, unazunguka polepole, unatoka. Jumla nina vipande 27 vya wingu la nukta, yaani mkusanyiko wa nukta zote ambazo leza imezigonga, gigabaiti 62.

Kilichoharibika ni ushoroba wa sakafu ya pili. Una urefu wa mita 58, kuta zake ni tupu na milango yake inafanana. Skana ya mkononi hujua iliko kwa kulinganisha inachokiona sasa na ilichokiona kitambo kidogo kilichopita. Pale pasipo na kitu cha kushikilia macho, inateleza: kila hatua inaongeza kosa dogo, na makosa yanajumlishana. Niliporudi nilipoanzia, sehemu ileile ya ukuta ilionekana mara mbili, nakala zikiachana kwa sentimita 41. Ukitazama kutoka juu, ushoroba ulionyooka ulikuwa umepinda kama upinde.

Kwanza nilijaribu kurekebisha mezani, kwa kulazimisha vipande vishikane kwa algoriti iitwayo ICP (Iterative Closest Point). ICP huoanisha kila nukta na iliyo karibu nayo zaidi, kisha husogeza wingu zima, tena na tena. Ina udhaifu mmoja ambao nilipaswa kuukumbuka: katika ushoroba laini, wingu linaweza kuteleza mbele na nyuma na kila mahali kukaonekana kunafaa. Nimepoteza jioni mbili hapo.

Dawa ilikuwa kurudi jengoni. Nimepanga maboksi na viti pande zote mbili za ushoroba, kila mita nne au tano, kwa mpangilio usiojirudia. Badala ya kwenda moja kwa moja hadi mwisho, nimetembea kwa umbo la nane, nikipitia vyumba vya pembeni na kurudi ushorobani mara kwa mara ili skana ikutane tena na mahali inapopafahamu. Kosa limeshuka kutoka sentimita 41 hadi 3. Gharama: saa tano za kurudia, na betri mbili zilizoisha chaji. Anayeanza leo na aanze na maboksi.

Machi 19: Chumba kisichokuwepo

Programu imeniletea chumba kipya sakafu ya kwanza. Kina upana wa mita saba, kimepangwa vizuri, kina hata meza. Tatizo ni kwamba kiko nje ya ukuta wa nje, mahali ambapo ukifungua dirisha unaona hewa na miti.

Ukuta wa ukumbi wa mazoezi una vioo vya kujitazamia kutoka sakafuni hadi usawa wa kichwa. Leza ikigonga kioo cha aina hiyo huakisiwa, inagonga meza iliyo nyuma yangu na kurudi kwa njia ileile. Skana haina habari ya mkunjo huo, basi inaiweka meza nyuma ya kioo. Milango ya vioo inafanya kinyume chake. Leza inapenya, mlango uliofungwa unaonekana kama tundu lililo wazi. Hivyo nilikuwa na vyumba vitatu vya uongo, na milango minne iliyotoweka.

Kutafuta vioo kwa kutazama wingu lote ni kazi isiyoisha. Kilichonisaidia ni kumbukumbu ya njia niliyotembea, ambayo skana huihifadhi pamoja na nukta. Kanuni niliyoandika ni fupi: nafasi yoyote ambayo njia yangu haikuikanyaga hata mara moja inawekewa alama ya shaka, na ninaikagua kwa macho. Zimetokea nafasi 9 za shaka. Vitatu ndivyo vyumba vya vioo, sita ni stoo ambazo sikuwa na ufunguo wake. Kwa vioo nimerudia skani baada ya kuvifunika kwa magazeti na gundi ya karatasi.

Tangu siku hiyo njia niliyotembea nimeiheshimu kama data kamili. Mahali mtu alipopita ni ushahidi kwamba panapitika, na ushahidi huo hakuna ukuta unaoweza kuutoa.

Aprili 2: Kuta, kabati na linta

Kutoka nukta milioni nyingi hadi kuta nimetumia RANSAC, njia iliyoelezwa na Fischler na Bolles mwaka 1981. Huchagua nukta tatu kwa bahati nasibu, hupitisha bapa (uso tambarare) juu yake, huhesabu nukta ngapi ziko karibu na bapa hilo, kisha hurudia. Mwisho hubakiza bapa lenye wafuasi wengi.

Niliimwagia sakafu nzima kwa pamoja, kompyuta ikahangaika usiku kucha na asubuhi kuta ndogo hazikuwepo. Hesabu inaonyesha wazi kwa nini, na ningeipiga mapema ningelala vizuri. Ukuta ukiwa na asilimia 10 ya nukta zote, kuupata kwa uhakika wa asilimia 99 kunahitaji majaribio yapatayo 4,600. Ukiwa na asilimia 5, majaribio yanafika karibu 36,800. Ukiwa na asilimia 1, ambayo ndiyo hali ya ukuta wa ofisi moja ndani ya sakafu yenye ofisi thelathini, unahitaji takriban milioni 4.6. Sasa ninakata wingu kwanza kwa kila chumba, kwa kufuata njia niliyotembea, halafu ndipo ninatafuta kuta. Kazi iliyokesha inakamilika kwa dakika 25.

Kosa la pili lilikuwa la dhana. Nilikubali chaguo la programu linalodhani kuta zote hukutana kwa pembe mraba. Bawa la mashariki la jengo limegeuka kwa nyuzi 17 hivi, na programu ikalinyoosha, ikazalisha vyumba vyenye ngazingazi kwenye kuta. Nimelizima chaguo hilo kabisa.

Kosa la tatu ni kabati. Ofisi moja yenye kabati refu la vitabu ilikatwa ikawa vyumba viwili, kwa sababu mgongo wa kabati ni bapa kama ukuta. Kabati nyingi humu zinaishia mita 2.1, na dari iko mita 2.9. Nimekata ukanda mwembamba wa wingu kati ya mita 2.4 na 2.7, juu ya fanicha zote, nikatafuta kuta humo tu. Faida ya ziada sikuitarajia: katika ukanda huo milango haipo, kwa kuwa linta (boriti iliyo juu ya mlango) na ukuta ulio juu yake vinafunga pengo, basi kila chumba kinajichora kama umbo lililofungwa. Milango inatafutwa baadaye kwenye ukanda wa chini, pale njia yangu inapokata ukuta.

Aprili 16: Chumba kinaishia wapi?

Hii ndiyo sehemu niliyoidharau wakati wa kupanga, na imekula muda kuliko skani zote.

Programu ilitoa nafasi 131. Ramani ya karatasi inasema 84. Baada ya kuondoa kabati na vioo, nimezunguka jengo na orodha mkononi. Kuta tatu zilishabomolewa tangu ramani ichorwe, hivyo vyumba halisi ni 81. Zingine ni nafasi za kupita: shoroba 5, vipande 6 vya ngazi, lifti inayohesabiwa mara moja kwa kila sakafu, kumbi 3. Jumla 98.

Namba 98 inaonekana kama kitu nilichokipima. Ukweli ni kwamba nimeiamua. Ukumbi wa sakafu ya kwanza una sehemu ya kusomea upande wa kushoto. Hakuna ukuta, hakuna mlango, ni zulia na rafu fupi. Leza inaona nafasi moja. Wanafunzi wanaona mbili, na ukiwauliza "nikutane nawe wapi?" wanataja sehemu ya kusomea kana kwamba ina mlango. Nilitengeneza modeli ya kwanza kwa kufuata leza, na majibu yake hayakumsaidia mtu. Nimeigawa kwa mpaka wa kufikirika, mstari usio na ukuta, ambao IndoorGML inauruhusu. Kila mpaka wa aina hiyo nimeuandikia sentensi moja ya sababu kwenye faili. Mtu mwingine anaweza kukataa uamuzi wangu, lakini angalau atauona.

Ushoroba umenipa taabu ya aina nyingine. Ukiwa nodi moja, programu huiweka nodi hiyo katikati. Basi kutoka ofisi moja ya mwisho kwenda ofisi ya jirani, milango ikiwa mita tatu tu kutoka mmoja hadi mwingine, njia iliyochorwa ilikwenda mita 29 hadi katikati ya ushoroba na kurudi mita 26. Nilijaribu kutumia mstari wa katikati ya umbo, ukatoa vijimstari kila penye kona ndogo, hata kwenye fremu za madirisha. Nikajaribu kuukata ushoroba vipande sita. Njia zikawa nzuri.

Aprili 27: Kina

Nilitaka kupima jinsi kila chumba kilivyo ndani ndani, kwa kipimo ambacho Bill Hillier na Julienne Hanson walikieleza mwaka 1984. Unahesabu hatua, yaani mipaka mingapi unavuka kutoka nafasi moja kwenda kila nafasi nyingine, unatafuta wastani wa kina, unatoa 1, unazidisha kwa 2, kisha unagawanya kwa idadi ya nafasi ukitoa 2. Chukua nafasi tano: ukumbi mmoja wenye vyumba vinne pembeni. Kutoka ukumbini kila chumba ni hatua moja, wastani ni 1, jibu ni 0. Zipange nafasi hizohizo kwenye mstari, kila moja ikifunguka kwenye inayofuata, na usimame mwanzoni. Wastani ni 2.5, na jibu ni 1. Nafasi ni tano vilevile, lakini mtu anayeishi humo anaishi maisha mawili tofauti.

Matokeo yangu ya kwanza yalionyesha kwamba vyumba vilivyozama zaidi ni vile vya mwisho wa ushoroba. Nilianza hata kuandika maelezo. Halafu nikagundua kwamba kina hicho nimekitengeneza mwenyewe: vipande sita vya ushoroba vimeongeza hatua tano ambazo hakuna mtu anayezihisi, kwa maana ukisimama ushorobani unauona wote.

Suluhisho ni tabaka mbili. Katika tabaka la kwanza ushoroba ni nafasi moja, na humo ndimo ninapima kina. Katika tabaka la pili nodi ni milango yenyewe, na kila milango miwili ya nafasi moja imeunganishwa kwa umbali wa kutembea. Humo ndimo ninatafuta njia. Tabaka hizo zimefungwa pamoja kwa vitambulisho. IndoorGML iliruhusu tabaka nyingi tangu mwanzo, mimi ndiye nilitaka grafu moja ifanye kila kitu.

Kwa hesabu sahihi, ofisi ambayo wageni huitafuta kuliko zote iko kina cha 6 kutoka mlango mkuu. Stoo ya viti iko kina cha 2.

Mei 9: Mlinzi anajua grafu

Nilimwamkia mzee anayelinda jengo, nikamwonyesha njia kumi zilizotoka kwenye modeli. Alitazama ya tatu akacheka kidogo.

"Mwanangu, huu mlango wa ngazi za nyuma haufunguliwi. Ufunguo ninao mimi, na siutoi ila kuna dharura."

"Na huu wa pembeni, baba?"

"Huo unatoka tu. Ukisukuma kutoka ndani unafunguka, ukiwa nje hata uuvute vipi."

Ndani ya dakika kumi alinifutia viungo 7. Milango mitatu imefungwa daima, minne ni ya kutokea tu. Miwili zaidi hufungwa kila jioni. Skana iliipita milango ile siku ambayo ilikuwa imeegemezwa wazi kwa ajili yangu, na mimi nikaamini nilichokiona.

Grafu yangu haikuwa na mwelekeo: kiungo kilimaanisha kwenda na kurudi. Imenibidi niandike upya msimbo wa kutafuta njia, siku mbili nzima, ili kila mlango uwe na viungo viwili, kimoja kwa kila upande, kila kimoja na masharti yake ya muda na ya ruhusa. Ushauri wangu kwa anayefuata: zungumza na mlinzi kabla ya kuandika msimbo. Kama ningeanza naye, siku hizo mbili zingekuwa zangu.

Mei 25: Kizingiti cha sentimita nne

Mwenzangu katika idara, anayetumia kitimwendo, alikubali kuijaribu modeli. Nilikuwa nimemwandalia chaguo maalumu linaloziacha ngazi na kutumia lifti. Modeli ilidai vyumba 74 kati ya 81 vinafikika. Tulianza saa tatu asubuhi. Mlango wa nne ndio uliosimamisha kazi.

"Kaka, ramani yako inasema nipite hapa," aliniambia. "Magurudumu yangu yanasema hapana."

Mlangoni palikuwa na kizingiti cha sentimita 4. Nilikuwa nimegawanya wingu katika vokseli, yaani vijichemraba, za sentimita 5 ili kompyuta isizidiwe, na kizingiti kizima kimemezwa ndani ya mchemraba mmoja. Miongozo ya ufikikaji ya Marekani, ambayo nimeichukua kama kipimo, inaruhusu kizingiti kisichozidi milimita 13. Modeli yangu haikuwa na uwezo wa kuona hata kile kilichozidi mara tatu.

Upana nao ulikuwa na kosa. Nilipima tundu la ukutani, sentimita 90 kwa milango mingi. Kinachohesabika ni upana unaobaki wazi bamba la mlango likiwa limefunguliwa kwa nyuzi 90, kuanzia uso wa bamba hadi ukingo wa fremu upande wa pili. Miongozo hiyo inataka angalau milimita 815. Unene wa bamba, bawaba na fremu vinapunguza, na milango mingi iliyoonekana ya sentimita 90 ilibaki na 79 au 80.

Tumepima milango yote 112 kwa futi, yeye akiandika nami nikipima, muda wa saa sita na nusu kwa siku mbili. Kila mlango sasa una upana wazi, urefu wa kizingiti, na upande unaofungukia. Nimeiendesha modeli upya. Vyumba vinavyofikika kwa kitimwendo kutoka mlango mkuu ni 39.

Nimekaa muda mrefu nikiitazama namba hiyo. Kwa miezi miwili modeli yangu ilikuwa na kuta zilizonyooka, njia zilizotoka haraka, michoro niliyoionea fahari, na ilimdanganya mtu kuhusu vyumba 35. Yeye aliyajua hayo yote kabla sijawasha skana.

Juni 12: Kufungasha

Kutoa faili la IndoorGML kumekwenda vizuri isipokuwa jambo moja. Nilikuwa nimechora mlango kama mpaka usio na unene, na sifa zake hazikuwa na pa kukaa. Nimegeuza kila mlango kuwa nafasi ndogo yenye nodi yake katikati ya vyumba viwili. Nodi zimeongezeka kutoka 98 hadi 210, na upana, kizingiti na ruhusa vimepata mahali pake. Kihakiki, programu inayokagua faili, kimekuta nafasi 14 zinazopandiana kwa milimita chache kwenye kona. Nimezirekebisha kwa mkono.

Kwa anayepanga kazi kama hii: kuskani na kurudia, siku 6. Kutafuta kuta, siku 9. Kuamua mipaka ya nafasi, siku 13. Kuandika upya njia na tabaka, siku 7. Kupima milango, siku 2, na hizo ndizo ningezitanguliza.

Jana mlinzi amenipigia simu kwamba mafundi wameanza kusimamisha ukuta wa mbao katikati ya chumba kikubwa cha sakafu ya tatu. Upande mmoja hautakuwa na mlango wa ushorobani, utaingiliwa kupitia upande wa pili. Jumatatu nitakwenda na futi kabla fremu haijafungwa, nikawaombe waache angalau sentimita 90 wazi na wasiweke kizingiti.